Chai ya Rangi Isiyonyweka

Tukuza ya skuli ilikwisha Jumatatu.
Mwalimu Salhina hakusema kitu. Alitoa mkobani
betri nne za redio, maiti, zinavuja ute mweusi,
akasema: zivueni nguo.

Tukazivua. Bati la juu, karatasi, lami,
masizi yaliyotukaa kuchani hadi Ijumaa,
mpaka tukaikuta zinki, imeliwa nusu,
imetoboka kama chandarua cha bweni.
Hii haijafa, akasema.
Bado ina cha kutoa. Imekosa wa kumpa.

Wa kumpa tulimchoma wenyewe, nyuma ya choo cha wavulana.
Mwani. Si ule wa kulimwa; wa kulimwa una wenyewe,
una karani, una mzani wake unaosinzia upande mmoja.
Huu ni mwani pori, wa hudhurungi, unaotupwa na bamvua pwani ya Kiuyu,
ambao mama huusukuma kwa mguu
usije ukazizonga mambo zake.

Siku tatu kuukausha, saa moja kuuchoma.
Majivu yakatoka machache, ya kutia aibu.
Tukayaroweka, tukayachuja kwa kipande cha kanzu kuukuu,
tukatia tone la asidi, tone la dawa ya kuoshea vidonda,
na yale maji yaliyokuwa hayana habari
yakageuka chai ya rangi.

Haji Kombo akaleta kikombe.
Mwalimu akampiga mkono.

Iodini, akasema. Ukoo wake ni wazaa chumvi:
klorini, bromini, wote hao ndugu,
na kila mmoja kapungukiwa na moja. Moja tu.
Aliyepungukiwa na mengi huzoea.
Aliyepungukiwa na moja halali.
Na zinki huyu hapa ana mbili zinamwasha mfukoni.

Mbona tusiwatie chungu kimoja? nikauliza.
Watie, akasema. Watamalizana papo hapo,
utapata joto na kelele kidogo, taa hupati.
Watenge. Weka pazia, kitambaa kilicholowa maji ya chumvi,
huku zinki, kule iodini na kijiti cha kaa,
kisha wape waya, mrefu, wa kuzungukia nje.
Elektroni zitapita huko kwa kukosa pengine,
na zikipita ndipo tunapozitoza ushuru.

Sindano ikapanda: moja na nukta mbili.
Taa haikuwaka.
Tukaunga kikombe cha pili nyuma ya cha kwanza.
Ikawaka. Nyekundu, jicho la panya,
taa iliyong'olewa kwenye gari la kuchezea la mdogo wake Haji.
Hakuna aliyepiga makofi. Tulikuwa tunaangalia vikombe,
maana chai ilikuwa inapungua rangi,
kutoka kavu kuwa ya maziwa, hapana, si ya maziwa,
kuwa maji ya kuoshea vyombo, kuwa maji.
Kumbe taa ndiyo ikiinywa.

Ukiirudishia umeme, akasema Mwalimu, rangi itarejea.
Umeme upi, akasema Haji.

Nyumbani nilimsimulia mama, anafunga taitai, kamba katikati ya meno.
Vidole vyake vimepasuka pale pale panapopasuka kila bamvua.
Gunia zima, akasema, kwa jicho la panya?
Nikasema ndiyo.
Dakika ngapi?
Arubaini, nikasema. Zilikuwa thalathini na kitu.

Nilikuwa na tone lililobaki kwenye kichupa.
Nikampaka kidoleni. Akafyonza pumzi, akatukana kwa adabu.
Doa likakaa pale, la hudhurungi, kama hina ya mtu aliyekatizwa.

Akafunga fundo, akakata kamba.
Na hiyo zinki, akasema, ikishatoa, hubaki nini?
Hubaki majini, mama. Imo humo humo, lakini haionekani.

Aa, akasema.
Hiyo naijua.
Akaniambia nimsogezee gunia.